Samaki Wala Samaki Katika Tangi la Kioo: Nani Akae na Nani



Huenda baadhi yenu mkastaajabu kuona jarida la wakulima wa karafuu likieleza habari za samaki wa kufugwa ndani ya kioo. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, mwanachama mmoja wa Pemba ametuletea swali kwa niaba ya kijana wake anayefanya kazi mjini Singida, katika kata ya Utemini. Kijana huyo amekwisha kutengenezesha tangi la kioo la madebe 30, yaani lita 600, na sasa ataka apelekewe kutoka pwani chewa mdogo, mkunga, kikande na samaki-simba, wote wanne wakae pamoja. Mzee anauliza: je, watapatana, au fedha zake zitaliwa pamoja na samaki? Sababu ya pili ni kwamba katika ufugaji huu iko kazi moja ambayo mafuta ya karafuu huifanya vizuri sana, nayo tutaieleza mahali pake.

Jibu kwa ufupi ni kwamba wanne hao hawapatani. Wawili kati yao wanaweza kukaa nyumba moja, na yuko wa tatu ambaye kijana hakumtaja, naye afaa kuliko wale wawili atakaowaacha. Lakini jibu fupi halimfai mtu asiyejua sababu zake, kwa hiyo tutaeleza.

Kwanza maji. Watu wa Utemini hawako mbali na maji ya chumvi. Mji wa Singida una maziwa mawili, Singidani na Kindai, na mtu aweza kufikiri: samaki wa chumvi, maji ya chumvi, basi chota utie. Hasha! Maziwa yale hayana njia ya kutoka kwenda baharini. Mvua huyaletea maji, jua huyakausha, na kile kilichoyeyuka kutoka katika ardhi hubaki pale pale kikajilimbikiza mwaka hata mwaka. Chumvi yake ina magadi, na ukali wa magadi si ukali wa bahari. Wako perege waliozoea maji ya namna hiyo, ambao wataalamu huwaita Oreochromis amphimelas, nao hupatikana Singida, Kitangiri, Eyasi na Manyara. Hao ndio wenyeji wa mahali pale. Chewa wa Pemba akitiwa humo atakufa.

Maji ya bahari yana kadiri ya gramu 35 za chumvi katika kila lita, nayo si chumvi ya jikoni peke yake. Mna magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na vingine, kila kimoja kwa kiasi chake. Kwa hiyo kijana atalazimika kununua chumvi ya bahari iliyotengenezwa makusudi kwa matangi, ayeyushe katika maji safi yasiyo na dawa ya klorini. Tangi la lita 600 litataka kilo 21 za kuanzia. Baadaye, akibadilisha madebe matano kila wiki mbili, ambayo ni sehemu moja katika sita ya maji yote, atatumia kilo tatu na nusu kila mara. Hesabu hiyo aifanye kabla ya kununua samaki hata mmoja. Mtu wa Mkoani akiharibikiwa na maji hushuka pwani na ndoo. Wa Utemini yuko safari ya basi ya kutwa nzima, karibu kilomita 700 kutoka Dar es Salaam.

Neno jingine ambalo watu wa pwani hatulifikirii ni urefu wa nchi. Singida iko juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 1,500. Hewa ya huko ni nyepesi, na oksijeni inayoingia katika maji hupungua kadiri ya sehemu moja katika sita kuliko huku kwetu. Samaki mkubwa mla nyama hutumia oksijeni nyingi, hasa baada ya kula. Basi tangi ambalo Unguja lingetosha samaki wanne, Utemini huenda lisiwatoshe watatu, na pampu ya hewa isizimwe hata saa moja. Umeme ukikatika sharti pawe na pampu ya betri tayari. Tena usiku wa Juni na Julai huko ni wa baridi, na samaki wa miamba yetu wamezoea maji ya nyuzi 25 hata 29. Kifaa cha kupasha maji moto ni lazima. Jua na upepo wa nchi ile kavu vitakausha maji upesi, lakini chumvi haikauki pamoja na maji, kwa hiyo kila kinachopungua kwa kukauka kijazwe kwa maji matamu, si kwa maji ya chumvi. Wengi huua samaki kwa jambo hili dogo.

Sasa tuje kwa samaki wenyewe. Katika kuchagua wala samaki, cha kutazama kwanza ni mdomo. Rangi, jina na bei huja nyuma. Wengi wa samaki hawa hawatafuni, wanameza. Chewa hufungua kinywa kwa ghafla, maji yakavutwa kwa nguvu, na aliyekuwa mbele yake akaingia pamoja na maji. Hana habari kwamba wamekaa pamoja mwaka mzima bila ugomvi. Mwenzake akienea kinywani ni chakula. Asipoenea ni jirani. Kwa sababu hiyo, mwenye kufuga atazame upana wa kinywa cha mla samaki kinapofunguka, kisha atazame kimo cha mwili wa yule mwingine, toka mgongoni hata tumboni. Mrefu mwembamba humezwa akiwa amekunjwa, kwa hiyo urefu usimdanganye mtu. Na vipimo vyote vichukuliwe kwa ukubwa wa mtu mzima, si wa mtoto aliyemo ndani ya mfuko wa plastiki.

Hapa ndipo chewa anapotushinda. Yule anayeitwa chewa mdogo sokoni aghalabu ni mtoto wa chewa mkubwa. Wako chewa wa miamba, kama yule mweusi mwenye vidoti vya buluu, ambao hufika sentimita 40 na hata 60. Na yuko chewa mkubwa kuliko wote wa maji yetu, ambaye hupita mita mbili. Katika tangi la madebe 30 hata wale wa wastani hujaa. Chewa ni mwerevu, humjua mwenye nyumba na huja kioo kilipo akimwona, na watu humpenda kwa hayo. Lakini chakula kikianguka majini yeye ni wa kwanza, na wenzake wapole hulala na njaa. Kwa maoni yetu, chewa apewe tangi lake peke yake lililo kubwa maradufu, au aachwe mwambani.

Mkunga ni habari nyingine. Wengi humwogopa kwa sura yake ya kinywa wazi, na kumbe hufungua kinywa ili apumue. Macho yake ni dhaifu, hunusa zaidi kuliko kuona, na mchana mwingi hukaa pangoni. Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani, Rita Mehta na Peter Wainwright, walionyesha kwamba ndani ya koo lake mna taya za pili, ambazo huruka mbele zikakamata windo na kulivuta ndani. Basi akishika hafungui tena! Mikunga mikubwa yenye meno marefu makali, ambayo mwingine hufika mita tatu, haifai nyumbani hata kidogo. Afaaye ni yule mdogo mweupe wa madoadoa meusi na vidoa vya njano, aitwaye na wataalamu Echidna nebulosa, ambaye yuko katika miamba yetu kwenye maji haba. Meno yake ni butu, yamefanywa kwa kuvunja kaa na kamba, na samaki wenye miili mipana huwaacha. Aghalabu huishia sentimita 70 hivi. Shida yake ni kutoroka: hupenya penye tundu la vidole viwili, na asubuhi hukutwa sakafuni amekauka. Kifuniko cha tangi kiwe kizito na kisiwe na pengo.

Mtu aweza kuuliza, kama chewa na mkunga hugombana, mbona baharini huonekana pamoja? Ni kweli huonekana. Mwaka 2006 Redouan Bshary na wenzake waliandika habari za Bahari ya Shamu, kwamba chewa wa huko huenda penye pango la mkunga akatikisa kichwa kumwita, kisha hutoka wakawinda pamoja, mmoja juu ya mwamba na mwingine ndani ya nyufa. Lakini huko kila mmoja baada ya kuwinda huenda zake, na bahari ni pana. Katika kioo hakuna pa kwenda.

Hatari ya pili ni ya kuumwa kidogo kidogo, nayo ndiyo inayowapata wengi wasiotarajia. Mwenye kosa hapa ni kikande. Kinywa chake ni kidogo, kwa hiyo akipimwa kwa kipimo cha mdomo peke yake ataonekana hana madhara. Lakini meno yake huvunja kombe na miiba ya shokomzoba, na tabia yake ni kuonja kila kitu: waya wa pampu, kidole cha mwenye nyumba, na mapezi ya jirani. Mara huwa mpole miezi sita, siku moja akaamka amebadilika, akadai tangi zima ni lake. Wako vikande wapole kidogo, hasa yule mweusi wa buluu mwenye meno mekundu anayekula vijidudu vinavyoelea, walakini hatumshauri mtu anayeanza kubahatisha. Bunju naye ni hivyo hivyo, hutafuna mapezi; tena sumu iliyomo mwilini mwake mnaijua, maana watu wa pwani wamekufa kwa kumla.

Na samaki-simba ndiye anayeumia zaidi kwa mwumaji. Ni yule mwenye mistari myekundu na myeupe, mapezi yamechanuka kama manyoya ya jogoo, ambaye wataalamu humwita Pterois miles. Huelea polepole kama bibi harusi, hana mbio, hana haja ya mbio, kwa kuwa miiba yake ina sumu na baharini wachache humgusa. Kikande hajali miiba. Huanza nyuma, akakata ncha za mapezi moja baada ya moja, hata yule akaacha kula. Kwa hiyo wawili hao wasikae pamoja abadani. Lakini samaki-simba asionewe huruma kupita kiasi, kwa maana naye ni mlafi. Humeza samaki wa nusu ya urefu wake na zaidi, na mwenyewe hufika sentimita 35.

Mwenye kumfuga asitie mkono majini bila kujua alipo. Akichomwa, atie mahali palipochomwa katika maji ya moto kadiri ya nyuzi 45, yaani moto wa kuvumilika usiounguza, kwa muda wa nusu saa hata saa moja na nusu, kisha aende hospitali. Kama nyumbani mna watoto wadogo wanaofikia tangi, ushauri wetu ni kumwacha samaki huyu kabisa.

Basi katika wale wanne wamebaki wawili, mkunga wa madoadoa na samaki-simba. Mmoja hukaa chini pangoni na kupenda kaa na kamba, mwingine huelea katikati na kupenda samaki. Hawagombei mahali wala hawana haja ya kuumana. Wa tatu tuliyesema ni tasi. Ndiyo, tasi huyu huyu tunayemla na wali! Hula majani, kwa hiyo hawindi mtu, na ukoga uotao juu ya kioo na mawe atausafisha. Miiba yake ya mgongoni ina sumu, kama ajuavyo kila mvuvi aliyetoa tasi demani, na wala samaki humheshimu. Mwili wake ni mpana. Sharti awe mkubwa tangu siku ya kwanza, asipungue sentimita 15, ili asienee kinywani mwa yeyote. Mmoja atosha, kwa kuwa tasi wa kwetu hukua hata sentimita 40 na zaidi. Kangaja aweza kushika nafasi yake, ila huwa mgomvi zaidi na ana wembe mkiani.

Tangi lisitiwe samaki siku lilipojazwa. Kinyesi cha samaki na mabaki ya nyama hutoa amonia, nayo ni sumu. Wako bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huota juu ya mawe na katika chujio kwa muda wa wiki nne hata sita. Kijana atie kipande kidogo cha kamba kioze humo, apime maji kwa dawa za kupimia, na asilete samaki mpaka amonia na nitriti zote zimefika sifuri. Kisha aanze na tasi, baada ya wiki tatu mkunga, na samaki-simba awe wa mwisho. Mpole akitangulia hupata mahali pake. Mkali akitangulia hufanya tangi lote shamba lake, na kila ajaye baadaye ni mwizi.

Chakula kwa mkunga na samaki-simba ni mara mbili au tatu kwa wiki, si kila siku. Kulisha kupita kiasi huwanenepesha na kuharibu maji. Vipande vya ngisi, kaa, kamba na samaki wa bahari vilivyogandishwa vinapatikana Dar es Salaam na vinasafirishika katika barafu. Vibadilishwe, kwa kuwa aina nyingi za samaki wadogo na kamba zina kitu kinachoharibu vitamini B1, na samaki alishwaye aina moja tu hudhoofika polepole bila mwenye kujua sababu. Nyama ya ng'ombe na ya kuku waachwe, mafuta yake samaki hawayawezi. Samaki-simba aliyetoka baharini huenda akakataa kilichokufa. Chakula kifungwe penye ncha ya kijiti kirefu kikatikiswe majini kama kilicho hai, na mara nyingi baada ya siku kadhaa atakubali.

Habari ya kuwapata samaki hao, wasichukuliwe kwa siri. Mahali kama Chumbe, ambako miamba ilihifadhiwa kwa sheria mwaka 1994, na Misali huku Pemba, pana kanuni zake, na hata penginepo kusafirisha samaki hai ni jambo la kuuliza kwanza idara ya uvuvi. Matumbawe hai yaachwe yalipo. Mawe ya kawaida yasiyo na madini yatoshayo kuchafua maji hufaa kwa mapango. Safarini kila samaki awe na mfuko wake, maji theluthi na oksijeni theluthi mbili, ndani ya sanduku la kuzuia joto, na asilishwe siku mbili kabla ya safari ili asichafue maji yake. Mifuko ya samaki-simba na tasi iwe miwili, mmoja ndani ya mwingine, kwa ajili ya miiba.

Hapa sasa ndipo karafuu inapoingia. Kumkamata mkunga kwa wavu ni vita, hujinyonga hata akajichubua utelezi wote unaomlinda. Na samaki-simba hunasa miiba katika nyuzi, na anayemnasua huchomwa. Mafuta ya karafuu huwalaza. Sehemu saba hata tisa katika kumi za mafuta hayo ni eujenoli, ile ile inayotuliza jino, na samaki huipokea kwa matamvua. Wajapani waliandika habari hiyo tangu mwaka 1972. Na mwaka 1995 Soto na Burhanuddin waliandika jinsi walivyowalaza tasi kwa mafuta ya karafuu ili wawapime urefu na uzito. Mafuta ya makonyo, kama yatokayo katika kiwanda cha Wawi, yana eujenoli nyingi vile vile.

Kipimo ni rahisi kwa mtu wa debe: mililita moja ya mafuta kwa debe moja la maji ya bahari, ambayo ni miligramu 50 hivi kwa lita. Mafuta hayachanganyiki na maji baridi, kwa hiyo kwanza yatiwe katika chupa ndogo ya maji ya vuguvugu, yatikiswe kwa nguvu mpaka yawe meupe kama maziwa, ndipo yamiminwe. Kazi hii ifanywe katika ndoo ya pembeni, kamwe si ndani ya tangi, na anayemhamishia samaki humo atumie chombo kipana badala ya wavu. Baada ya dakika chache samaki atalegea na kulala ubavu. Mtu amtazame matamvua bila kuondoa macho. Yakiendelea kufungua na kufunga, ni usingizi. Yakisimama, ahamishwe mara moja katika maji safi yenye hewa nyingi. Samaki aliyelazwa hivyo asiliwe.

Kipimo kikizidishwa mara nane hata kumi, usingizi huo hauna kuamka. Ni njia ya upole ya kumaliza samaki mgonjwa asiyepona, akiachwa humo dakika kumi na zaidi baada ya matamvua kusimama. Ni afadhali hivyo kuliko kumwachia samaki aliyemshinda mtu aende majini kwingine. Samaki-simba alionekana mara ya kwanza mwambao wa Florida mwaka 1985, mbali sana na bahari zake, na inaaminika watu wenye matangi ndio waliomwachia. Leo amejaa Karibi yote na anawala samaki wa huko ambao hawakupata kumjua. Na ijapokuwa kwetu ni mwenyeji, samaki aliyekaa tangini asirudishwe baharini, maana hatujui amerudi na ugonjwa gani. Kadhalika mtu asiyamwage mafuta haya mwambani ili avue kwa urahisi. Hiyo ni kuvua kwa sumu, sheria inakataza, nayo huua matumbawe na vidogo vyote vilivyo karibu.

Kwa kijana wa Utemini, kichupa cha mililita 50 kitamtosha muda mrefu. Kiwe cha kioo, kwa sababu mafuta ya karafuu hula plastiki za namna fulani. Kiandikwe jina, na kiwekwe mbali na jua na mbali na watoto.